Masomo ya Ngazini

Jumatatu, 3 Machi
Kiongozi wa timu! Mimi! Watengeneza programu wanne, ubao mmoja na vikaratasi vya kubandika. Tunafanya kazi kwa mtindo wa Ajaili: kila asubuhi tunasimama mbele ya ubao, kila mtu anasema alichofanya na alipokwama. Ijumaa bosi ataamua kama nithibitishwe au nirudi kwenye kiti changu cha zamani, kando ya choo. Sirudi ng'o.

Kikao kinatakiwa kiwe kifupi, ndiyo maana watu husimama. Nimeongea peke yangu mpaka mmoja akaketi sakafuni. Mke wangu kasema nitafute mtu wa kunishika mkono. Mimi? Nishikwe mkono?

Jumanne, 4 Machi
Nimemtafuta. Kiongozi wa timu ya jirani, tunamwita Dada Mkubwa. Timu yake humaliza kazi mapema na bado inacheka. Inaudhi sana. Nimemwomba tukutane kwenye ngazi za dharura. Kauliza kwa nini tusikae kantini kama watu. Nikasema napenda hewa ya ngazini. Ushauri wake: uliza aliyekwama ni nani, kisha funga mdomo. Basi! Nilitarajia kitu kizito zaidi.

Jumatano, 5 Machi
Nimeuliza. Nimefunga mdomo. Ulimi uliniwasha! Yule mkimya, niliyedhani ananidharau, akasema tangu wiki jana anasubiri ruhusa ya kuingia kwenye mfumo wa kompyuta. Anayetoa ruhusa? Mimi. Nikampa. Kufika mchana kazi zimesonga.

Bosi kapita, kautazama ubao, kauliza siri yangu. Nilitaka kumtaja Dada Mkubwa. Nikajisikia nikisema mbinu ni yangu, na kwamba hata Dada Mkubwa namfundisha, ngazini, maskini, asione aibu.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa! Bosi kafurahi mno. Kesho niwafundishe viongozi wote. Nikakimbilia ngazini kumwomba Dada Mkubwa anifundishe cha kufundisha. Alikwisha kusikia. Hakufoka, na hilo ndilo lililoniuma. Kasema nifanye vilevile: niulize, ninyamaze. Nimeona haya, kweli kabisa, mpaka chai ilipoletwa.

Ijumaa, 7 Machi
Ukumbi umejaa. Nikauliza nani amekwama. Nikafunga mdomo. Dada Mkubwa akainua mkono. Akasema amekwama na kiongozi mmoja mpya: anamfundisha kwa moyo wote, lakini mwenzake anaona haya kuonekana naye. Amsaidieje?

Kicheko! Hata yule mkimya! Nilitamani ardhi ipasuke. Bosi peke yake hakucheka. Akaniambia nikahamishe vitu vyangu kando ya choo. Dada Mkubwa akaniombea: nipewe miezi mitatu zaidi, chini ya uangalizi wake. Bosi akakubali. Nimeshukuru mpaka machozi yakanitoka.

Jumamosi, 8 Machi
Mama mkwe kapiga simu kuuliza habari za kazi. Nimemwambia kampuni imenikabidhi kiongozi mmoja mwanamke nimlee kwa miezi mitatu. Kasema Mungu anibariki, na kwamba Jumatatu atakuja ofisini kumsihi huyo dada anisikilize.