Kabati la Waliotoka

Ndugu Mkurugenzi wa Takwimu za Uhamiaji,

Kabla ya malalamiko, nakiri nililolificha miaka ishirini na sita: kufuli la kabati la chumba namba nne halijawahi kuharibika. Ufunguo ninao mimi, chini ya mto. Daktari amenipa wiki chache, kwa hiyo sitakuchosha.

Namlalamikia binti uliyemweka kwenye kiti changu.

1. Anataka kabati livunjwe. Ndani mna kadi za wageni waliotoka. Ofisi yetu siku zote imetangaza walioingia tu. Aliyetoka keshatoka; kumhesabu ni kumsumbua bure.

2. Anataka kila mgeni ahesabiwe mara moja. Palikuwa na muuza maziwa aliyevuka mpaka kila asubuhi na kurudi kwao jioni, siku sita kwa wiki. Kwangu alikuwa wageni mia tatu na kumi na wawili kwa mwaka. Binti anataka kumshusha hadi mtu mmoja. Mwanamke mchapakazi ndivyo anavyoheshimiwa siku hizi?

3. Anataka tutangaze ukweli kama ulivyo. Nilishaujaribu. Waziri wa enzi zile aliirudisha ripoti mezani kwangu akasema, "Bwana Hesabu, idadi hii haishtui hata kuku." Nikafunga kabati. Idadi ikashtua, yeye akachaguliwa tena, ukuta ukajengwa. Leo tukisema wageni walikuwa wachache, ukuta tutauambia nini?

Kwa hiyo naomba kabati lizikwe pamoja nami. Seremala ameshapima: kaburi liongezwe upana wa mita moja tu.

Nisalimie wote wa chumba namba nne, mlinzi wa lango, na mama wa chai, ambaye kikombe chake bado ninacho.

Wako mtiifu hadi wiki hizo ziishe,
Karani Mkuu Mstaafu

Baada ya sahihi: Nilikuwa nagundisha bahasha redio ilipotangaza kwamba, kwa jinsi wageni walivyofurika, wote wasio na hati waondoke kabla ya Ijumaa. Mke wangu alikuwa akinigeuza ubavu. Akacheka. "Mzee wangu, wengi hivyo walipitia wapi? Njia ile ya mpakani nimeipita miaka, mbona sikukutana na mtu?" Kisha akaenda kukunja nguo zake.

Ufunguo umo humu. Mpe binti, afungue leo hii. Muuza maziwa ndiye mke wangu. Hati hana, kwa sababu ndoa yetu sikuisajili: ofisini angeandikwa kuwa mtu mmoja.