Mfalme wa Ghorofa ya Nne

Sauti ya Ermete Gandolfi ilikuwa hazina ya Italia nzima! Na aliyelitangaza hilo ni Ermete mwenyewe, kila asubuhi, akichagua nyanya kwa Mama Argia.

Miaka ishirini aliimba nyuma ya wenzake, mkuki mkononi, askari wa tatu kutoka kushoto. Mwaka huu jumba la opera la Parma likampa ufalme. Mfalme mzima, na wimbo wa peke yake! Jumapili, saa tisa na nusu alasiri.

"Nisipotokea mimi," alijigamba, "ataimba Pelloni!"

Pelloni, mwoka mikate, ndiye aliyekuwa mwimbaji wa akiba. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu.

Siku tatu kabla, Ermete akafunga mdomo ili kutunza koo. Akitaka chumvi, aliandika kwenye kibao. Naye dada yake Ilde, aliyeamini kwamba waimbaji wote duniani huuawa na upepo, alimviringishia mitandio mitatu shingoni, kisha akawa anapita nyumba nzima akifunga madirisha.

Jumapili saa nane Ermete akavaa joho la kifalme. Akajitazama kiooni. Uzuri wote huu ukae ndani? Akatoka nje kwenye roshani, ghorofa ya nne, ili mtaa ujionee.

Ilde, mbio mbio kuwahi kiti chake cha juu kabisa kule operani, miwani kaisahau mezani, akakuta mlango wa roshani wazi.

"Mama yangu, upepo!"

Kwaa! Akatia komeo, akashuka ngazi, akidhani kaka yake keshatangulia.

Ermete akagonga kioo cha mlango. Wapi! Aite? Aharibu sauti ya siku tatu? Thubutu! Akabaki kupunga mikono.

"Njooni mwone!" Mama Argia akaita kutoka chini. "Mfalme anafanya mazoezi!"

Ermete akaigiza kuzungusha ufunguo.

"Anakamua ng'ombe," akasema mzee wa mkahawa.

"Ng'ombe wa nini, wewe!" Mama Argia akabisha. "Huyo ni mfungwa gerezani. Tazama uso!"

Makofi! Ermete akainua kibao: NIFUNGULIENI.

"Maestro, mimi bei za nyanya zangu mwenyewe sizioni, nitasoma hayo ya mawinguni?"

Ikagonga saa tisa na robo. Ermete akashika chuma cha roshani, akavuta pumzi mpaka vifungo vya joho vikaruka.

"Nifungulieni mlangooooo!"

Njiwa wa kanisa zima wakahama! Ile sauti ya juu aliyoitafuta miaka ishirini, ndiyo hiyo sasa!

"Tena! Tena!"

Akarudia. Mara kumi na moja! Mama Argia akafuta machozi kwa aproni.

"Leo ndiyo mara ya kwanza nasikia kila neno lake." Kisha akainua tena macho juu. "Jamani... huyu si anasema afunguliwe?"

Zimamoto walipomshusha hatimaye kwa ngazi, jioni, alikimbia hadi operani, joho likipepea. Akakuta pazia la mwisho linashuka. Pelloni, ndani ya joho la akiba na ndevu za bandia, kazama kwenye maua mpaka magotini!

Ilde akateremka kutoka juu, macho mekundu, akamrukia kaka yake shingoni.

"Ermete wangu, nimelia! Tangu uzaliwe hujawahi kuimba hivi! Sasa umeona faida ya kufunga mlango wa roshani?"

Ermete akafungua mdomo amjibu. Sauti hakuna, hata ya kuombea chumvi! Akapapasa mfukoni atoe kibao.

Kibao kilibaki roshani.