Mchoro Usio na Mwenzake

Jamani, leo nimeaibika, tena nikiwa nimependeza. Nawaeleza mwenyewe kabla hamjaisikia kwa watu wa bodaboda. Wale wataongeza chumvi, na hii haihitaji.

Mnaonijua mnajua nilikotoka. Shule niliiacha darasa la tano. Nilianza kwa kuvusha mizigo ya watu kwa baiskeli hapa mpakani Busia, leo nina duka la vitambaa lenye vioo mbele. (Vioo vya kujitazama ukipita. Si kila mtu anavyo.) Kompyuta nimejifundisha mwenyewe kwa video za simu. Watu wenye digrii wanakuja kuniuliza maswali, na mimi nawajibu. Mtaa mzima unaniita Injinia.

Kazi yenyewe ni hii. Naiandikia kompyuta amri: chora miduara, chora mistari, ila pa kuiweka na rangi yake chagua wewe, kwa bahati nasibu. Nabonyeza, inachora. Nabonyeza tena, inachora kingine kabisa. Wateja wanashika vinywa. Mchoro nautuma kwa jamaa mwenye mashine ya kuchapa vitambaa ng'ambo, upande wa Kenya, na kitambaa kinarudi kwa bodaboda.

Sasa mdomo wangu. Kila mteja nilimwapia hivi: "Mama, ukikutana na mtu mwingine amevaa mchoro wako, hapa Uganda, Kenya au hata mwezini, mimi nitavaa gomesi nitembee nalo kutoka dukani mpaka geti la forodha, mchana kweupe." Gomesi mnalijua, lile gauni la mama zetu la mabega yaliyosimama na mshipi mpana kiunoni. Wanawake walicheka, wakanunua. Mpaka Tororo na Nagongera jina langu lilifika.

Leo ilikuwa harusi kwa jirani yangu, hema limefungwa ng'ambo ya barabara, kuelekeana na duka. Nikavaa shati la mchoro wangu. Mke wangu, Mama Rehema, nikamwambia nimtengenezee na yeye. Nimemwambia tangu mwezi uliopita.

"Hiyo michoro yako inanitia kizunguzungu, Baba Rehema. Mimi navaa bluu yangu."

(Ikumbukeni hiyo bluu.)

Tulipofika, mke wangu akapitia nyuma kuwasalimu wapishi. Mimi nikaingia kwa mlango wa mbele, ili nionekane. Hapo mlangoni alisimama MC na maikrofoni yake, anatangaza kila mgeni. Jina lake la kazi ni Machache. Ni uongo.

Nyuma yangu akaingia Hajati Sauda, mjane anayebadilisha fedha pale mpakani. Gauni jipya. Duara kubwa la rangi ya machungwa begani. Mistari ya zambarau inashuka mshazari kama mvua ya upepo. Na chini kabisa, kijiduara kimoja cheusi, peke yake.

Nikaangalia shati langu. Hata kijiduara kilikuwepo.

Kwetu hapa mwanamume na mwanamke wakiingia harusini na kitambaa kimoja, hakuna maswali. Ni mtu na mkewe. Na Machache hakuuliza.

"Injinia amefika na mama wa nyumbani! Makofi jamani! Tazameni sare hiyo, hayo ndiyo mapenzi!"

Makofi yakapigwa. Hajati akaangalia shati langu, akaangalia gauni lake, akarudi kwenye shati.

"Baba Rehema. Hiki ni nini?"

"Hajati, ni kivuli cha turubai tu."

"Kivuli kina rangi ya machungwa?"

Kabla sijajibu, akaingia Mama Athieno, muuza karanga wa Nagongera. Machungwa begani. Zambarau. Kijiduara.

"Loo, kumbe na bi mdogo yupo!" Machache akapaza sauti.

Mama Athieno ana mume. Mume, mtu wa mabega mapana, alikuwa nyuma yake amebeba zawadi. Akaiweka zawadi chini, polepole.

Nikasema moyoni, Mungu ni mwema, hao wawili ndio mwisho. Akaingia Madamu Akoth, muuza dagaa wa omena kutoka ng'ambo.

"Na wa tatu huyo, kutoka Kenya! Injinia amevuka mpaka!"

"Aki mimi sijaolewa na huyu!" Madamu Akoth akasema. "Huyu ni fundi wangu! Tena aliniambia niko peke yangu!"

"Ndivyo wanavyosemaga wote!" mama mmoja akajibu kutoka kwenye masufuria.

Hema likavunjika kwa kicheko. Katikati ya kicheko hicho mke wangu akatokea, amevaa bluu.

"Na huyu wa bluu ni nani?" Machache akauliza.

"Mimi ndiye mkewe."

Machache akadakia: "Wanne wametimia! Lakini Injinia, bi mkubwa umemnyima sare?"

Mama Rehema hakucheka. Alitutazama mmoja mmoja, kama mtu anayechagua nyanya.

"Kuna nini hapa?"

"Ni kompyuta," nikasema.

"Kompyuta ndiyo imewaoa?"

"Tunakwenda kuiuliza hiyo kompyuta," Hajati akasema.

Tukavuka barabara. Nusu ya hema ikafuata, pamoja na Machache na maikrofoni yake. Mimi niliongoza, kifua mbele. Naijua mashine yangu. Nikafungua duka, nikawasha, nikasema bismillah, nikabonyeza.

Duara kubwa la machungwa likajitokeza juu. Mistari ya zambarau ikashuka. Nikamwomba Mungu kile kijiduara kisije.

Kikaja.

"Zima," mke wangu akasema. "Washa tena."

Nikazima. Nikawasha. Kikaja tena.

Nimeelewa nikiwa nimechelewa. Bahati ya kompyuta si bahati. Kila ukiiwasha inaanzia palepale ilipoanzia jana, kwa hiyo mchoro wa kwanza ni uleule, siku zote. Kuna mstari mmoja wa amri unaandika ili ianzie kwingine. Video ilisema, mimi niliruka. (Yule bwana alikuwa anaongea sana.) Na mimi ni mfanyabiashara, kwangu cha kwanza cha asubuhi ndicho chenye baraka. Mteja akiagiza, namwambia asubiri kesho nikifungua duka, nimtolee wa kwanza. Mingine yote nilikuwa nabonyeza kuwapa watu burudani.

Mtaniuliza, hukuona inafanana? Niliona. Nikasema huo ndio mkono wa fundi.

Mume wa Mama Athieno akacheka mpaka akajishika mbavu. Nikashukuru. Machache akashusha maikrofoni, akaninong'oneza: "Injinia, hii mashine inaweza kutoa sare ya watu hamsini?"

"Ndugu yangu, hicho peke yake ndicho inachoweza."

Nikadhani tumemaliza. Hajati akamnyang'anya maikrofoni.

"Baba Rehema, uliniapia nini siku ile?"

Nikajifanya natafuta ufunguo wa duka. Ulikuwa mkononi.

"Gomesi!" Madamu Akoth akajibu kwa niaba yangu. Basi watu wakaanza kuimba: gomesi, gomesi. Bibi harusi mwenyewe alikuwa barabarani anapiga makofi, kaacha bwana harusi ndani ya hema.

Nikamtazama mke wangu aniokoe. Ndipo akacheka, kwa mara ya kwanza leo.

"Msihangaike kutafuta fundi," akawaambia. "Nitalishona mwenyewe."

Sasa hivi nimesimama sebuleni, ananipima kiuno. Nimeomba liwe la bluu. Amekataa. Anasema mtu kama mimi hawezi kuvaa kitu ambacho wengine wanacho. Mchoro ameshautuma ng'ambo kwa simu yangu.

Kwa hiyo wiki hii mkimwona mama mmoja mwenye masharubu anaelekea geti la forodha, duara la machungwa begani, msalimieni mpite. Picha hapana. Tafadhalini.