Katibu, Kamusi na Neno Hitherto

Jumatatu, 10 Juni 1996

Nimetukanwa! Mbele ya watu, dukani, nikinunua mafuta ya taa! Josephat mwenye duka ameniuliza kwa sauti kama najua maana ya neno la Kiingereza hitherto. Mimi! Katibu wa Kamati ya Maji ya Mbololo kwa miaka sita! Neno hilo liko katika kila barua yangu. Maana yake ni kuanzia leo na kuendelea. Lina uzito. Linafunga barua vizuri.

Kisa ni wafadhili wa tangi letu. Niliwaandikia kwamba sisi watu wa Mbololo ni waaminifu hitherto. Wamejibu kwamba wamefurahi kusikia tumekuwa waaminifu hadi sasa, ila wangependa kujua tunapanga nini baada ya hapo. Simiti yetu imezuiwa Voi mpaka tujieleze. Josephat anasema kosa ni langu. Mimi nasema Kiingereza cha wafadhili ndicho kibovu.

Ukurasa huu nimeupiga muhuri. Kila karatasi inayopita mkononi mwangu naipiga muhuri: barua, risiti, hata daftari la hesabu la mwanangu Austin. Karatasi bila muhuri haina mwenyewe.

Jumanne, 11 Juni

Josephat anagombea ukatibu! Uchaguzi ni Jumamosi. Anataka siku hiyo iletwe kamusi kubwa ya shule, neno lisomwe mbele ya watu wote. Nikiwa sahihi, atajiondoa. Nikikosea, nimkabidhi muhuri. Mwenyekiti wetu, Mzee Ndambuki, amekubali. Nami nikatoa kifua mbele nikasema iletwe hata leo!

Niandike ukweli, kwa kuwa hapa hakuna msomaji. Tangu nipunguzwe kazi mjini, muhuri huu ndio kazi yangu. Watu hubisha hodi wakimtaka Katibu. Hata mke wangu Peris huniita Katibu mbele ya wageni. Bila muhuri mimi ni mtu wa kushinda nyumbani tu. Naogopa.

Alhamisi, 13 Juni

Mpango! Kamusi kama ile ni moja tu eneo zima. Nimekwenda shuleni, nikamwambia mwalimu mkuu, Mwalimu Everlyne, kwamba kamati inataka kuikagua mapema. Akaniwekea mezani, akaenda darasani kwake. Wembe mfuko wa kushoto. Muhuri na wino wake mfuko wa kulia, kama kawaida. Ukurasa ukatoka bila kelele. Sikuusoma. Wa nini? Maana naijua. Nimeuficha ndani ya soksi. Dakika tano, kila kitu kwa utaratibu wa ofisi!

Peris ameuliza mbona napiga mbinja. Nimemjibu kwamba mambo ya kamati ni ya siri.

Jumamosi, 15 Juni

Watu walijaa uwanja wa shule hadi kwenye ua. Mwalimu Everlyne akafungua kamusi. Akapekua. Akarudi nyuma. Akapekua tena. Akasema ukurasa haupo.

Minong'ono! Nikasimama. Nikasikitika kwa sauti jinsi mali ya umma isivyotunzwa siku hizi. Nikasema pasipo ushahidi, katibu aliyepo aendelee. Wakapiga makofi! Josephat aliinamisha kichwa. Mwaka huu sijapata raha kama ile.

Ndipo Mzee Ndambuki akaomba kukiona kitabu mwenyewe. Akavaa miwani. Akauliza huu wino wa zambarau kwenye ukurasa unaofuata ni wa nini. Akausoma polepole, kwa sauti: KATIBU, KAMATI YA MAJI, MBOLOLO. 13 JUNI 1996. IMEPOKELEWA.

Mkono! Mkono umezoea! Sikumbuki hata kuupiga!

Walicheka mpaka mama mmoja akakaa chini. Peris hakucheka. Nikatoa muhuri. Josephat aliupokea kwa mikono miwili, akaniambia pole, Baba Austin. Hilo liliniuma kuliko kicheko chote. Miaka sita uwanjani pale nimeitwa Katibu. Niliwaambia watanitafuta, na wakinitafuta hawatanipata. Kisha nikatembea hadi nyumbani, ambako watanipata bila shida.

Jumatatu, 17 Juni

Tangu juzi hakuna aliyebisha hodi. Josephat amewaandikia wafadhili barua ya mistari minne, tena kwa Kiswahili! Simiti inaletwa kesho. Bahati tu.

Nimeutoa ukurasa kwenye soksi nikausoma. Unasema hadi sasa. Nikausogeza dirishani. Bado unasema hadi sasa. Basi aliyeandika kamusi hiyo hajawahi kuwa katibu mahali popote.

Peris anasema niurudishe, nimwombe Mwalimu Everlyne radhi, yaishe. Radhi! Nimechukua patipati ya mpira mlangoni, nikachonga muhuri kwenye soli yake kwa wembe uleule: KATIBU MKUU. Herufi zinatoka kinyumenyume, lakini zinatoka. Nimeunda Kamati ya Maneno. Mwanachama ni mmoja na amehudhuria. Tumepitisha bila kupingwa kwamba hitherto ni kuanzia leo na kuendelea. Ukurasa wa kamusi nimeuandikia UMEKATALIWA, nikaupiga muhuri. Kesho naupeleka shuleni ubandikwe mahali pake, pamoja na barua ya maelekezo. Mwisho wake nimeandika: Wenu katika kazi, hitherto.

Peris yuko nje, anaita Baba Austin, anauliza iko wapi patipati yake ya kushoto. Sijaitika. Akitaka jibu, alete ombi kwa maandishi kwa Katibu Mkuu.