Upara Wetu Sisi Wawili

Jumatatu, 3 Juni

Aaron ametangaza mezani. Anataka kupandikizwa nywele! Amesema huku anachambua samaki, kama mtu anayearifu kwamba kesho atachelewa kurudi. Kuna kliniki Upanga. Daktari huchukua nywele za kisogoni, moja moja na mizizi yake, akazipanda mbele. Kama miche ya kahawa! Miadi ni Jumatatu ijayo.

Nimemwuliza kama amekosa adabu au amekosa kazi. Mke wangu Agnesi ameniambia nile, chakula kinapoa.

Kijana ana miaka ishirini na sita. Ni kweli, mbele hana kitu, na utosi wake umekuwa uwanja wa mpira wa shule: nyasi zimebaki pembeni tu. Lakini je, mimi nina nini? Kichwa changu ni kitupu kama yai, na kwa kichwa hiki nimeuza nywele Kariakoo maisha yangu yote. Rasta, mawigi, nywele za kusuka, jumla na rejareja. Hakuna mteja aliyewahi kunikimbia.

Chanzo nimekipata kwa Agnesi baada ya kijana kwenda kulala. Chanzo ni Leticia, binti wa duka la vitenge jirani yetu. Juzi Aaron alikuwa ameinama anafunga robota. Leticia akapita, akauona utosi, akasema: "Shikamoo, baba." Msichana wa rika lake! Naye Aaron, kwa mshtuko, akaitikia marahaba. Tangu hapo binti humwamkia kila asubuhi, naye huitikia kila asubuhi. Atafanyaje? Marahaba ikishatoka hairudi.

Kwa hiyo si ugonjwa. Ni salamu. Salamu naiweza. Hachanjwi mtu kichwa katika nyumba hii.

Jumanne, 4 Juni

Nimeamka na mpango.

Nimemwita muuza kahawa, nikamwambia azunguke kwa majirani wote wa mtaa wetu, kahawa na kashata, kwa hisani yangu. Sharti moja: kuanzia kesho, Aaron asiamkiwe na mtu yeyote. Asalimiwe "Mambo!" kama vijana wenzake. Akisikia "Mambo" tangu asubuhi hadi jioni, atajiona kijana, na atausahau ule wazimu wa Upanga.

Kunisikia mimi nikiwaomba watu wapunguze shikamoo! Mimi, ambaye nimefukuza wateja kwa kutoniamkia! Imeniuma. Lakini mzazi hana mwiko.

Kosa moja tu. Nililazimika kumwambia na Rajabu wa duka la mbele yetu. Naye huuza nywele. Ni Mpare, mtani wangu, mwenye umri wangu na nywele nyeusi ti kwa hisani ya piko. Amekunywa vikombe vitatu, amekula kashata za watu wawili, kisha amesema kwa sauti ili mtaa usikie: "Mchaga huyu anauza nywele za nchi nzima, kichwani hana hata sampuli!"

Nimemjibu kwamba Mpare akipewa kahawa ya bure hata usingizi huuweka akiba. Watu wamecheka. Nimeshinda mimi.

Jumatano, 5 Juni

Nimeshindwa.

Nimeingia mtaani saa za kufungua maduka. Mbeba mizigo wa kwanza: "Mambo, mzee!" Nikadhani amekosea. Wa pili: "Vipi, Vita!" Vita! Mimi naitwa Vitalis, na watoto wa shule waliwahi kusimama mlangoni pangu kwa adabu. Mama ntilie, ambaye ni mjukuu kwangu kwa umri, amenipungia mwiko akasema: "Mambo, mtu wangu?"

Rajabu! Amewaambia watu kwamba Mzee Vitalis ameanza maisha mapya, hataki tena kuamkiwa, yeye na mwanawe.

Leticia hakuwapo jana wakati wa kahawa, alikwenda Msimbazi kuchukua mzigo. Kwa hiyo hakupata habari. Amefika, amesimama mlangoni petu, amemwambia Aaron: "Shikamoo, baba." Kisha amenigeukia mimi: "Shikamoo, babu."

Ndiyo shikamoo pekee niliyoipata leo. Sikujua niipokee kwa uso gani.

Jioni Aaron ameipata habari yote, kwa Rajabu, nani mwingine? Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Amesema tu: "Baba, umewanunulia watu kahawa ili wanionee huruma?" Kisha akateremsha mlango wa duka taratibu, na safari hii hakunisubiri tutembee pamoja hadi kituoni.

Alhamisi, 6 Juni

Mpango wa pili. Huu ni wa kitaalamu.

Nywele anazotaka kijana ziko dukani kwake mwenyewe! Kwa nini apasuliwe? Nimechagua wigi fupi la heshima, karibu la kiume, nikalipunguza kwa mkasi. Nilitaka alione likiwa limevaliwa na mtu mwenye busara. Kwa hiyo nimelivaa mimi, nikakaa nyuma ya meza kumsubiri arudi kutoka stoo.

Kabla yake akaingia mteja, mama mmoja kutoka Mtwara, mnunuzi wa jumla. Amenitazama kwa muda mrefu. Nimemtazama pia, kwa utulivu. Akauliza kama hilo ndilo la mwisho la aina yake. Nikasema ndiyo. Akasema atalichukua. Nikamwambia hili si la kuuza, ni la maonyesho. Akasema yeye anataka hilohilo, limekaa vizuri, kama limempendeza mtu wa sura yangu basi hakuna ambaye litamkataa.

Amelinunua palepale kichwani.

Aaron amefika nikiwa nachomolewa pini. Amesimama mlangoni na katoni mikononi. Nilidhani atakasirika. Ameiweka katoni chini, amekaa juu yake, amecheka hadi amejifuta macho. Nami nimecheka kidogo, kwa upande mmoja wa mdomo.

Kisha amesema miadi iko palepale.

Ijumaa, 7 Juni

Hakuna mpango. Mvua. Biashara mbovu.

Agnesi amenikalisha barazani, nyumbani Magomeni, na chai. Ameniuliza nina nini hasa. Kijana hakunyimi kitu, amesema. Hanywi, havuti, duka analiendesha yeye, wewe umebaki kukaa nyuma ya meza. Fedha ni zake. Anataka kuwa kijana kabla ya kuwa mzee. Kuna dhambi gani?

Nikamjibu kwamba kuna suala la maadili. Akasema maadili yapi. Nikasema kwa ujumla. Akachukua kikombe chake akaingia ndani.

Hapa nitaandika ambalo sikumwambia.

Aaron ni mwana wa marehemu dada mdogo wa Agnesi. Tulimchukua akiwa na miaka minne. Mwembamba, mrefu, mweupe kama wa ukoo wa mama yake. Mimi ni mfupi, mweusi, na mabega yangu ni ya mbeba magunia. Kila nilipokwenda naye, shuleni, kanisani, hospitalini, mtu aliuliza: huyu ni wa nani, mzee? Nilijibu ni wangu. Wakaitikia "ahaa" ile ya kukubali kwa adabu bila kuamini. Miaka na miaka ya "ahaa"!

Ndipo nywele zake zilipoanza kuondoka. Siku moja tulikwenda wote wawili bandarini kufuatilia kontena letu. Wakala wa forodha akatutazama, kichwa hadi kichwa, akacheka: "Huyu hata usiniambie. Baba na mwana." Hakuna aliyeuliza tena tangu siku hiyo. Sokoni huniita Upara Mkubwa, yeye Upara Mdogo. Mimi hujifanya kuchukia.

Sasa anataka kwenda Upanga kuufuta.

Mtu atayasemaje hayo kwa mkewe, kwenye chai?

Jumamosi, 8 Juni

Ajabu! Aaron ameniomba nimsindikize kliniki. Amesema daktari hupenda kumwona na mzazi, na kwamba angependa niwepo hata kama sikubali. Nimemwambia nitaitazama ratiba yangu. Sina ratiba.

Mpango wa tatu umekuja wenyewe. Daktari akikiona kichwa changu, atajua shamba hili halilimiki. Ushahidi ni mimi!

Nimekwenda kunyoa hata vile vinyweleo vya kando ya masikio. Nimepaka mafuta ya nazi. Agnesi amesema nang'aa kama sufuria ya harusi.

Jumatatu, 10 Juni

Kliniki ni baridi kama chumba cha samaki. Daktari ni mwanamke kijana, nywele zake nyingi mno kwa mtu asiye na upendeleo. Ameniamkia mimi: "Shikamoo, mzee." Kisha akamgeukia Aaron: "Mambo?" Aaron alijibu "Poa" kwa furaha nisiyoiona kwake tangu alipofaulu mitihani. Nikaona hatari.

Amemkagua. Kisha, bila mimi kusema neno, akaniomba nisogee kwenye taa. Ameligeuza fuvu langu kama mtu anayechagua tikitimaji. Halafu akamwambia Aaron: "Kaka, mtazame baba yako. Huku ndiko unakokwenda. Nikikupandia leo mbele, za nyuma yake zitaendelea kuanguka, utabaki na kisiwa. Kwa urithi huu, mimi sikupandi."

Ushindi! Ushindi mtupu, na wala sikufungua mdomo!

Nikamtazama Aaron. Alikuwa anaitazama sakafu. Hakusema kitu. Mimi nami sikusema kitu. Ilitosha kunyamaza. Dakika moja zaidi ya kunyamaza, tungeshukuru, tungekwenda nyumbani, na upara wetu tungeondoka nao.

Lakini alikuwa ameshika magoti yake kwa mikono miwili, kama alivyokuwa akikaa utotoni akisubiri sindano. Na mtu hawezi kuhukumiwa kichwa chake kwa kichwa cha mtu mwingine.

Nikasema: "Daktari, kwa usahihi, mimi sikumzaa. Nimemlea. Wajomba zake huzikwa na nywele zao zote."

Sauti ilinigeuka katikati. Baridi ya mle ndani.

Daktari akauliza habari za wajomba. Nikamweleza kwa haki, mmoja mmoja. Akasema hiyo inatia matumaini. Hata hivyo, kwa umri wake nywele bado zinahama, na hapandi mahali panapohama. Akampa dawa ya maji ya kupaka asubuhi na jioni. Baada ya mwaka arudi, watazame upya, kisha Aaron aamue mwenyewe. Akaniambia na mimi, kwa wema, kwamba kwangu isingesaidia. Mizizi ilishakufa zamani.

Nje Aaron akaniuliza kwa nini nimesema. "Baba, ungekaa kimya tu, ungeshinda. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekaa kimya."

Nikamwambia daktari lazima apewe taarifa sahihi.

Tukatembea. Kisha akasema, bila kunitazama: "Ila nilipenda alivyosema. Kwamba nikutazame wewe, huku ndiko ninakokwenda."

Nikamwambia aangalie barabara, bodaboda zinapita.

Alhamisi, 13 Juni

Leticia amefika: "Shikamoo, baba." Aaron ameinuka, amemwambia hivi, nami nimemsikia kwa masikio yangu: "Dada, mimi nina miaka ishirini na sita. Ile marahaba ya kwanza nilipitiwa."

Basi! Hayo tu! Bila kahawa, bila kashata!

Binti amejifunika uso kwa mtandio. Amecheka nyuma yake. Amesema hata yeye alianza kushangaa, baba gani hupanda ngazi mbilimbili. Kisha amesema: "Haya, mambo?" Aaron amesahau jibu. Imebidi mimi nimsaidie kutoka nyuma ya meza: "Poa!"

Mtaa mzima umesikia. Rajabu amegonga meza yake akicheka, akaita: "Vita!"

Jumapili, 23 Juni

Nimepata busara kubwa katika jambo hili. Nimejifunza kwamba mzazi asiingilie kichwa cha mwanawe. Nimemwambia hivyo Agnesi baada ya misa. Amesema anamshukuru Mungu.

Aaron anapaka dawa yake kwa bidii. Jana nimemchunguza akiwa amelala kwenye kochi, nikiwa na miwani na tochi. Kuna kivuli. Si nywele, lakini ni kivuli.

Kwa hiyo nimekwenda duka la dawa, la mbali, si la Magomeni, nikanunua chupa kama yake. Muuzaji ameuliza ni ya nani. Nimesema ya jirani yangu Rajabu, ambaye anaona aibu kuja mwenyewe. Naipaka asubuhi Agnesi akiwa jikoni, na jioni akiwa kwenye jumuiya. Daktari alisema mizizi imekufa. Madaktari wa siku hizi ni watoto. Zake zikiota, na zangu zitaota, na hakuna atakayeuliza tena huyu ni wa nani.

Leo kwenye kioo nimeona kitu utosini. Chembamba, cheusi, kimesimama wima. Nimemwita Agnesi, nikamwuliza kwa namna ya kawaida kabisa ni nini kile. Amevaa miwani. Amesema ni uzi wa fulana.

Nimeuacha palepale. Nimeupaka dawa.