Kanuni za Akili Unde na Mlango Wenye Jina Langu

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Siku kubwa! VC, mkuu wa chuo, ametangaza kwamba chuo chetu hapa mjini Wote kitatunga kanuni za maadili ya akili unde. Tena kutakuwa na mkurugenzi wa kuzisimamia. Ofisi iko tayari, ghorofa ya kwanza, kando ya maktaba. Wakati wa chai nimepanda kuiona. Madirisha mawili. Mlango wa mbao nzito, na juu yake kibao kitupu kinachosubiri jina.

Jina hilo ni Mbaluka. Miaka kumi na moja nafundisha mawasiliano, na bado meza yangu inagusana na mashine ya fotokopi. Ikiwashwa, meza inatetemeka, nami natetemeka nayo.

Kizuizi ni kimoja tu: Dkt. Kathini wa idara ya kompyuta. Mdogo kwangu kwa miaka tisa. Anajua jinsi akili unde inavyotengenezwa, jambo ambalo mimi naliona ni kujionyesha.

Jumatano, 10 Septemba

Kikao cha kamati. VC amesema kanuni hazipiti bila ushirikishwaji wa umma. Sawa. Hii ni Makueni; hapa hata choo cha soko hakichimbwi kabla wananchi hawajaulizwa. Na wakulima wetu wana haki ya kuulizwa, kwa sababu chuo huwatumia wakulima wa ndengu ujumbe wa simu unaotungwa na mashine: panda sasa, palilia sasa, vuna sasa.

Kathini amepewa vijiji vya upande wa Kiboko. Mimi upande wa Sultan Hamud. Ripoti Ijumaa. VC amesema mwenye ripoti bora atakuwa amejiweka pazuri kwa ile kazi. Alisema akinitazama mimi, au saa ya ukutani iliyo nyuma yangu.

Kathini akasema hataandika kanuni hata moja kabla hajasikiliza watu. Sentensi nzuri sana. Nimeiweka hapa ili niitumie mimi.

Alhamisi, 11 Septemba

Nilikusudia kwenda. Kweli kabisa. Hata viatu vya vumbi nilivaa. Halafu jua. Halafu wazo!

Nani anayejua maoni ya watu kuhusu akili unde kuliko akili unde yenyewe? Nikaifungua, nikaiambia iandike kumbukumbu za mkutano wa wakulima arobaini karibu na Sultan Hamud, chini ya Mama Mbinya, mwenyekiti wa kamati ya maendeleo ya kijiji, ambaye namjua kwa sifa tu. Dakika moja! Kurasa sita!

Sikuipokea kivivu. Nimeihariri kama mtaalamu. Iliandika kwamba wakulima wanashukuru kwa mvua ya wiki iliyopita. Mvua, Septemba, Ukambani! Nikafuta. Iliandika wanalima mpunga. Nikaweka ndengu. Iliandika mto unatiririka kandokando ya kijiji. Nikaukausha mto. Kwenye orodha ya waliohudhuria nikaongeza majina ya wazee wa huko niliowahi kusikia wakitajwa. Imebaki kazi safi, ambayo hata mzaliwa wa kijiji hicho hawezi kuitilia shaka.

Ijumaa, 12 Septemba

Ripoti yangu: kurasa sita, chati tatu za rangi, asilimia tisini na saba wameridhika. Ripoti ya Kathini: kurasa mbili za mwandiko wa mkono, vumbi jekundu pembeni, malalamiko matupu. Nyumba moja walimfukuza. Na ameandika kwamba walimfukuza! Nani hufanya hivyo? Lazima nikiri, niliisoma mara mbili. Ilikuwa na sauti za watu. Yangu ilikuwa na chati.

VC akanipongeza. Kisha akasema kwa kuwa watu wangu wameridhika hivyo, kikao cha kanuni kifanyike kwao, Jumatatu, katika ukumbi wa kanisa, na ripoti yangu isomwe mbele ya Mama Mbinya mwenyewe. Nimetabasamu kwa shida.

Jumapili, 14 Septemba

Mahubiri sikusikia hata neno. Mchana nikajaribu kuwa na malaria. Mke wangu Mutindi akaniwekea mkono shingoni, akasema niamke nikapige pasi shati la kesho.

Jumatatu, 15 Septemba

Ukumbi umejaa. Kathini hakuketi mbele pamoja nasi, aliketi nyuma, kati ya wakulima, kwenye benchi lisilo na egemeo. Nikasoma mbio. Nilipofika mahali ambapo Mama Mbinya amesema ameridhika na ujumbe wa simu, hakuna aliyepiga kelele. Watu wana adabu. Nikadhani nimepona.

Mama Mbinya akainuka, akakaza leso kiunoni. Swali moja tu.

“Mwalimu, huo mkutano wetu, ni nani alifungua na maombi?”

Nikapekua kurasa zote sita. Mwanzoni hakuna maombi. Mwishoni hakuna. Mto niliukausha, mpunga niliung'oa, maombi hayakunijia akilini! Na Ukambani nzima hakuna mkutano unaoanza bila maombi, hata ukiwa wa watu watatu wanaozungumzia mbuzi mmoja. Minong'ono ikaanza. Nikasema aliyeomba ni Mzee Nthiwa, jina pekee nililolikumbuka kwenye orodha yangu ya waliohudhuria.

Mzee Nthiwa alikuwa safu ya kwanza. Akasimama kwa fimbo yake.

“Mimi nikiomba, watu hukumbuka. Pasaka niliomba mpaka chai ikapoa, na bado wananisema. Huo mkutano wako mimi sikuwa. Na Mungu pia sidhani alikuwa.”

Watu walicheka wakashika mbavu. Hata VC. Mama Mbinya hakucheka.

“Simu yenu iliniambia nipande ndengu,” akasema. “Nikapanda. Mvua haikukuja. Debe mbili ya mbegu imeharibika kwa udongo. Toka hiyo siku nangoja mtu aje aniulize, nimwambie. Leo mumekuja, na kumbe mumeshanisemea. Mumesema nimeridhika.”

Niliona aibu, aibu ya kweli, ile inayowasha masikio. Mama huyu hajakanyaga chuo, na katika dakika moja alisema lile ambalo sisi wa kamati tulikuwa tunalitafuta kwa vikao. Namheshimu kuliko profesa yeyote ninayemjua, na namwogopa pia.

Kathini angeweza kunimaliza pale pale. Mimi ningemmaliza. Badala yake akamwita mama kwa Kikamba: “Mwaitu, tuanze upya. Wewe sema, mimi niandike.” Mzee Nthiwa akafungua na maombi, dakika ishirini na mbili. Ndipo watu wakasema, mmoja mmoja, mpaka saa tisa. Zikatoka kanuni mbili.

Ya kwanza: mashine isimsemee mtu ambaye hajaulizwa. Ya pili: mashine ikikosea, kuwe na mtu wa kuulizwa, mwenye jina na mlango unaojulikana.

Nimewahi kusoma kanuni za vyuo vikubwa vya ng'ambo, kurasa themanini. Hazina uzito huu. Tulipiga kura kwa mikono. Niliinua wangu juu kuliko wote.

Jumatano, 17 Septemba

Seneti ya chuo imepitisha kanuni zote mbili bila kubadilisha neno. VC alitaka kunitoa kwenye kamati. Kathini akanitetea! Akasema bila kosa langu kanuni ya kwanza isingepatikana. Moyo wa namna gani huo? Nilitoka nje nikajifanya nafuta miwani.

VC akaniacha. Akasema pia kwamba mkurugenzi atateuliwa Ijumaa, na wanakijiji waandike barua kumtaja wanayemtaka.

Nimetafakari jioni nzima. Kanuni ya kwanza imezaliwa na mimi, Kathini mwenyewe amekiri. Ya pili inadai mtu mwenye jina na mlango. Jina ninalo. Mlango naujua.

Alhamisi, 18 Septemba

Wakulima wana kazi nyingi sasa. Wanasafisha mashamba wakingoja mvua. Ni ukatili kuwasumbua na barua. Nimewasaidia.

Barua imetoka baada ya dakika moja, ukurasa mmoja tu, bila chati. Sisi wakulima arobaini, chini ya mwenyekiti wetu Mama Mbinya, tunampendekeza Bw. Mbaluka, aliyekuja akatusikiliza. Nimeisoma mara tatu. Wanavyonisifu watu hawa! Nimeipeleka mwenyewe kwa karani wa VC, kisha nikapita ghorofa ya kwanza nikapima kibao kwa viganja. Jina langu linaenea.

Na asiseme mtu kwamba sikujifunza. Safari hii niliiamuru mashine ifungue barua kwa maombi na kuifunga kwa maombi. Imeomba vizuri ajabu, karibu kumshinda Mzee Nthiwa. Nilipofika mwisho nilikuwa nimevua kofia, na nikasema amina.