Dawa za Presha Kabla ya Jumapili

Jumatatu, 3 Novemba
Nimenasa siri kazini. Mimi ni mlinzi wa jengo la kliniki hapa Oud Metha, Uarabuni. Madaktari hupita mezani pangu kana kwamba mimi ni kiti. Wawili walikuwa wakizungumzia sheria mpya ya bei za dawa za presha. Inaanza Jumapili. Sikungoja kusikia zaidi. Kwetu Kakamega, bei ikiguswa na serikali hupanda. Ninunue sasa, niuze wiki ijayo. Jairus, una kichwa!

Jumanne, 4 Novemba
Kikwazo. Dawa hizo haziuzwi bila karatasi ya daktari. Annah wa duka la dawa la chini, Mkenya mwenzangu, amekataa hata kunisikiliza. Basi nikapanda ngazi orofa saba, mbio, mara mbili, nikaingia kwa daktari nikihema. Presha juu! Akaniandikia dawa za miezi mitatu, pakiti sita, akanisihi nipunguze chumvi. Huruma yake ilikaribia kunitia haya. Nimelipa kwa akiba ya tiketi ya kwenda nyumbani Desemba.

Jumatano, 5 Novemba
Nimemtuma Fanuel, tunayelala naye chumba kimoja, akapimwe vilevile. Alikimbia ngazi zote, akaonekana mzima kuliko daktari. Amesifiwa. Sasa ananishauri mimi habari za mazoezi.

Alhamisi, 6 Novemba
Mteja. Bi Khamisa, mama wa Kizanzibari anayekuja kliniki kwa metro kutoka Rashidiya. Nilimwona akikata kidonge kwa wembe. Akanieleza kwamba hula nusu leo, nusu kesho, ili pakiti ifike mwisho wa mwezi. Hapendi kuwasumbua wanawe. Nilisikitika sana. Kisha nikamwambia kuanzia Jumapili hata hiyo nusu hataimudu, ila mimi ninayo pakiti moja, bei ya dukani na kidogo juu yake kwa usumbufu. Akalipa, akaniombea dua ndefu.

Jumapili, 9 Novemba
Bei zimeshuka. Sheria imeweka kikomo, na duka likizidisha linatozwa faini. Annah amebandika tangazo kwenye kioo kwa furaha nisiyoielewa. Pakiti sasa ni theluthi ya bei niliyonunulia. Foleni imefika mezani pangu, wazee wanacheka. Waliotunga sheria hii hawakutufikiria wafanyabiashara wadogo hata kidogo.

Jumatatu, 10 Novemba
Bi Khamisa amekuja. Nilijifanya nasoma kitabu cha wageni. Hakupaza sauti. Alisema sasa anakula kidonge kizima na kizunguzungu kimemwacha. Kisha akasema, "Mwanangu, ulinikuta nakata kidonge, na bado ukaniongezea bei."
Annah alisikia yote. Akanikumbusha kwamba kuuza dawa bila leseni hapa ni jela, akasimama kando yangu mpaka nikamrudishia yule mama pesa zake. Zote. Hata za usumbufu.

Jumanne, 11 Novemba
Daktari ameniita kunipima tena. Safari hii sikukimbia popote, nilikuwa nimekaa tu. Presha imezidi ile ya kwanza. Anasema ni ya kweli, huenda nimekuwa nayo kwa miaka, na nianze vidonge leo hii. Nimemwitikia kwa heshima. Pakiti tano ziko chini ya kitanda. Fanuel amenisihi nifungue moja.
Mimi si mjinga. Sheria hubadilika, na pakiti iliyofunguliwa hainunuliwi na mtu.